Mkasi Kwanza, Sentensi Baadaye

Vijana wa kambi, mmeniomba niwaandikie kabla sijasahau namna nilivyojifunza kupanga vile vijineno vya Kifaransa vinavyowasumbua: me, te, le, la, les, lui, leur. Mnasema mkiwa peke yenu mnavijua, lakini mkifika mbele ya mgeni vinatawanyika kama kanga waliosikia gari. Nitawaandikia. Kanuni yenyewe ni fupi, na mwenye kichwa chepesi ataishika kabla ugali haujaiva. Yanayobaki ni habari za kazi yangu, na sina hakika kwamba yatawasaidia. Kanuni hiyo niliijua vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kufanya naye kazi Mikumi, na nikitazama nyuma sioni nilichokifanya nayo cha kunifurahisha.

Mishahara na vyeo siviandiki. Vilikuwa vidogo na vimeshakwisha.

Nilizaliwa Mabwerebwere, pale Kilosa mjini. Babu yangu aliletwa na mkonge, baba yangu alilelewa na reli, na mimi nilipomaliza kidato cha nne mkonge ulikuwa umekufa na reli inakohoa. Matokeo yangu ya mtihani hayakunipeleka popote. Mama alichoka kuniona nimeegemea mlango kutwa, akanishika mkono akanipeleka nyumba ya pili kwa Mama Venansia, fundi cherehani, nimsaidie kutunga uzi kwenye sindano kwa sababu macho yake yalikuwa yameanza kuchoka.

Mama Venansia alizaliwa Burundi, akalelewa na masista, akaolewa na mfanyakazi wa reli aliyemleta Kilosa. Mumewe alipofariki alibaki na cherehani, kibanda cha mabati, na Kifaransa ambacho hakuwa na wa kuzungumza naye. Nilipomwamkia siku ile ya kwanza, aliitikia marahaba bila kuondoa mguu kwenye kanyagio.

"Salehe, humu ndani ukitaka kitu utakiomba kwa Kifaransa," alisema.

"Mimi sijui Kifaransa, mama."

"Ndiyo maana utakiomba."

Kitu cha kwanza nilichokihitaji kilikuwa mkasi. Alinifundisha kwamba kwa Wafaransa mkasi ni wingi, kwa kuwa una makali mawili, na anayeuomba husema "Donnez-les-moi." Mimi nilikuwa na Kiingereza cha shule kichwani, nikasema "Donnez moi les." Akanipa mkasi hapo hapo. Mkasi ulipokuwa unapita kutoka mkononi mwake kuja mkononi mwangu, alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayejisemea, "Donnez-les-moi. Tiens, je te les donne," yaani shika, nakupa. Kisha akarudi kwenye kushona. Hakucheka, wala hakunitaka nirudie.

Ndivyo ilivyokuwa kila siku. Uzi, chaki, futi, vifungo, kikombe cha chai, vyote vilipita mikononi pamoja na sentensi. Nikiomba vibaya nilipewa, nikiomba vizuri nilipewa. Tofauti ni kwamba nikikosea, sentensi iliyonyooka ilikuja ikiwa imepanda juu ya kitu chenyewe, na mimi niliipokea pamoja nacho. Sikujua kwamba huo ndio ulikuwa ufundi wake. Nilidhani ni mama mpole tu.

Kanuni aliipitisha ndani ya Kiswahili chetu. "Usipitie Uingereza," alikuwa akisema. "Njia ya kwenda Ufaransa unayo mdomoni tayari." Mwingereza akimwona mtu humweka nyuma ya kitenzi. Sisi tunasema "namwona", na yule anayeonekana tumemkalisha mbele ya kuona. Mfaransa naye husema "je le vois". Nimekuona ni "je t'ai vu". Nitakuona ni "je te verrai". Nataka kukuona ni "je veux te voir". Angalieni hiyo ya mwisho: "ku" yetu na "te" yao zimekaa mahali pamoja, zimeliegemea lile tendo linalozihusu, si kule kwenye kutaka. Mswahili anayekosea hapo anakosea kwa kuwa amepita njia ndefu.

Tunaachana nao mahali pawili. Kwanza, kitenzi chetu hubeba abiria mmoja. Nikisema "nimempa", mtu amepanda, kitu kinatembea kwa miguu. Kitenzi cha Kifaransa hupakia mishikaki, abiria wawili kwa mpigo, na kuna utaratibu wa kupanda. Me, te, nous na vous hupanda kwanza. Le, la na les hufuata. Lui na leur, yule au wale wanaopewa, hupanda mwisho. Kwa hiyo "je te le donne", nakupa hicho, lakini "je le lui donne", nampa hicho. Huo mfano wa mishikaki ni wangu, maana enzi za Mama Venansia bodaboda hazikuwepo. Pili, ukiamuru jambo lifanyike, abiria wote hushuka na kufuata nyuma wakiwa wameshikana kwa vistari, kitu kikitangulia mtu: "donne-le-moi", nipe hicho, "donnez-les-lui", mpe hivyo. Ukikataza, wanarudi kupanda mbele kama kawaida: "ne le touche pas", kama sisi tunavyosema "usimguse".

Kanuni yote ndiyo hiyo. Aliyetaka kanuni tu anaweza kuacha kusoma hapa.

Niliajiriwa Mikumi katika kambi ya wageni iliyokuwa karibu na hifadhi, kwa sababu ya hicho Kifaransa. Siku yangu ya kwanza nilipewa bwana mmoja na mkewe, Wafaransa watu wazima, na gari lisilokubali gia ya pili. Tulipofika tambarare ya Mkata, tembo walitokea kundi zima, wakubwa kwa wadogo, wakatembea kuelekea kwetu. Nilikuwa sijawahi kuwaona kwa karibu namna ile. Kila nilichofundishwa kilinitoka, Kiingereza kikarudi chenyewe, nikapaza sauti, "Je vois les! Je vois les!"

Yule bwana akamgeukia mkewe akarudia, "Je vois les." Wakacheka. Walipoona kiboko, akasema "Je vois le." Walipoona pundamilia, mkewe akawahi kusema yeye. Jioni walipokaa mezani na wageni wengine nilisikia meza nzima ikiwaona hawa na wale kwa mtindo wangu. Hawakuwa watu wabaya. Waliniachia sabuni nzuri na soksi. Lakini mimi nilikuwa kijana, na kijana anayechekwa huamua mambo ambayo mzee atayalipia.

Nilipopata mapumziko nilikwenda Kilosa nikamsimulia Mama Venansia. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshikilia pini mdomoni. Kisha akazitoa.

"Hao tembo waliwaona, au hawakuwaona?"

"Waliwaona, mama."

"Basi sentensi yako ilifika. Ilifika imechoka, lakini ilifika."

Sikutaka kufarijiwa. Nilirudi Mikumi nikaanza kujinoa kama mtu anayelipiza kisasi. Nikiendesha gari nilikuwa nikijiamuru na kujikataza kwa Kifaransa, nikipakia abiria na kuwashusha, mpaka twiga wa karibu na lango wakazoea. Baada ya misimu kadhaa mgeni aliniambia, "Vous parlez mieux que nous," yaani nasema vizuri kuliko wao wenyewe. Nililivaa neno hilo kama medali. Baadaye niligundua kwamba wageni humwambia hivyo mtu yeyote anayewaletea maji ya baridi.

Nilipokwenda Kilosa safari iliyofuata, Mama Venansia alikuwa amezeeka. Jirani yake alipita kuulizia gauni la binti yake, na Mama Venansia, akiwa amelishika, akaniambia kwa furaha kwamba analikabidhi: "Je lui le donne."

"Ni je le lui donne, mama," nikasema. "Lui hupanda mwisho."

Cherehani ilisimama. Jirani hakuelewa kitu, alisimama tu anatutazama. Mama Venansia aliliweka lile gauni mikononi mwa jirani, akanitazama kidogo, akatabasamu.

"Sawa, mwalimu," alisema. Kisha akasema kwa Kiswahili, "Chai yako hiyo hapo, chukua."

Tangu siku hiyo hakuwahi kusema nami Kifaransa tena. Mimi nilidhani amechoka. Alipofariki nilikuwa porini na wageni, nikafika Kilosa kaburi limeshapandwa maua. Mtu aliyenipa lugha nzima bila kuninyima chochote, nilimnyang'anya kipande cha mwisho alichokuwa nacho, na niliona nimemsaidia.

Meneja wa kambi alipoona wageni wanasifu, alinipa vijana niwafundishe. Nikaweka sheria, na sheria ilikuwa ya kibanda cha Mabwerebwere: garini na jikoni, hakuna kitu kinachopita mkono kwa mkono bila sentensi yake. Nilijivuna kwamba naendeleza kazi ya Mama Venansia. Kumbe nilikuwa nimeigeuza miguu juu. Kwake mkasi ulikuja kwanza, sentensi baadaye. Kwangu kitu kilibaki mkononi mwangu mpaka sentensi inyooke. Kijana akiomba chumvi vibaya alikula chakula kisicho na chumvi. Nilikuwa nasema neno moja tu, "Encore", naye anaanza upya.

Wengi waliondoka. Mmoja wao, Hamisi, kijana wa Magole mwenye utani, alikuja kuniaga akiwa na begi begani.

"Mzee, mimi nakwenda kuendesha malori ya miwa," alisema. "Muwa haurekebishi mtu."

Nilicheka naye, na nilipokwenda kulala nilijiambia hakuwa na kichwa cha lugha.

Sasa nifike kwa Zuhura, kwa maana ndiye ninayemwandikia, ingawa hatasoma.

Zuhura alitoka Ruhembe, mtoto wa wakata miwa. Aliajiriwa kambini kufua mashuka na kutandika. Kifaransa alikiokota mwenyewe vyumbani, kama kuku anavyookota mchele, punje hapa punje pale. Siku moja mgeni mwanamke alipiga kelele bafuni. Kulikuwa na nyoka mdogo nyuma ya ndoo. Wanaume tulikuwa bado tunaulizana fimbo iko wapi, Zuhura akaingia na ufagio na kifuniko.

"Bougez pas, madame," tulimsikia akisema ndani. "Lui peur. Moi je prends lui, je mets lui dehors." Alikuwa anamwambia asitikisike, nyoka mwenyewe anaogopa, yeye atamchukua amtoe nje.

Akatoka na nyoka ndani ya ndoo, amefunikwa, akaenda kumwacha mbali kwenye nyasi. Yule mama wa kizungu alitoka analia na kucheka, na kesho yake akamwambia meneja kwamba hataki kutembezwa porini na mtu mwingine isipokuwa binti wa nyoka. Katika ile sentensi ya Zuhura hapakuwa na abiria hata mmoja aliyekaa kwenye kiti chake. Lakini mgeni alitulia, nyoka alitoka, na mimi nilichosikia ni makosa.

Meneja aliniita. "Mzee Salehe, huyu binti mnoe. Ukiniambia yuko tayari, nampa wageni." Kambi yetu haikuwahi kuwa na mwanamke anayeongoza wageni. Zuhura alilijua hilo. Alikuja kunisalimia siku hiyohiyo, akapiga goti kidogo kama walivyofunzwa kwao.

"Shikamoo, mwalimu. Nimeambiwa unishike mkono."

"Marahaba. Utaweza?"

"Nyoka nimemuweza, mwalimu. Kifaransa kinauma?"

Nilimwambia kinauma. Nilifanya bidii kionekane hivyo.

Alikuwa mwanafunzi bora kuliko wote niliowafundisha. Ndege aliwajua kwa milio, majani aliyajua kwa matumizi, na alikuwa na kipawa cha kumfanya mgeni aone haraka kile anachokiona yeye. Mwanzoni alizungumza kama maji ya mto Mkondoa wakati wa masika, yamebeba magogo na kila kitu. Nikaanza kumsimamisha. Encore. Encore. Baada ya muda makosa yalipungua, nami nikamwambia meneja kwamba anaendelea vizuri. Sikuona kwamba kilichopungua ni maneno. Alikuwa hasemi tena kitu ambacho hajakipanga kwanza kichwani. Mlio ukisikika angenyoosha kidole, angevuta pumzi, midomo ingetikisika bila sauti akipandisha abiria mmoja mmoja, na akiwa tayari kusema, ndege amesharuka.

Meneja aliuliza, "Yuko tayari?"

"Bado," nilisema. "Kidogo tu."

Akauliza tena msimu uliofuata. Nikasema bado.

Asubuhi ninayotaka kuwasimulia tulikuwa na wageni wachache, miongoni mwao bibi mmoja Mfaransa aliyekuwa anapoteza macho. Alituambia wakati wa kifungua kinywa kwamba mbali haoni bila darubini, na kwamba mwakani huenda hata hiyo darubini isimsaidie. Alitaka kuona mbwa mwitu. Mnajua kwamba mbwa mwitu wetu si wa kuagizwa. Mtu anaweza kufanya kazi hapa na kuwaona mara chache za kuhesabika. Nilimwambia tutajaribu. Mimi nilishika usukani, Zuhura alikaa nyuma na wageni kama mwongozaji, ili nimpime. Darubini ya kambi, moja tu tuliyokuwa nayo garini, na ambayo kwa Wafaransa ni wingi kama mkasi, ilikuwa mbele, kwenye msumari karibu na kiti changu, mahali pake pa siku zote.

Zuhura ndiye aliyewaona. Walikuwa ng'ambo ya bonde, wametoka kwenye vichaka, wanakimbia kwa mstari na masikio yao makubwa yamesimama. Alisahau kila kitu nilichomfundisha.

"Là-bas! Les chiens! Madame, les chiens!" Kisha kwangu, kwa haraka, "Mzee, donnez lui les!"

Nilikuwa nimeshaitoa darubini msumarini. Nilikuwa nimeishika. Nikaiweka mapajani.

"Encore," nikasema.

Nilimwona kwenye kioo. "Lui donnez..." alianza.

"Encore."

Bwana mmoja aliyekaa karibu na yule bibi alisema kwa mshangao, "Mais donnez-les-lui, enfin." Sentensi ilikuwa hiyo, imenyooka, kila abiria mahali pake. Ingekuwa ni sentensi tu nilichokuwa nakitaka, ningetoa darubini. Sikuitoa. Niligeuza shingo nikamtazama Zuhura, nikimsubiri airudie.

Hakuirudia. Alinitazama usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa sababu ya heshima, akasema kwa Kiswahili, taratibu kabisa, "Mzee, mama wa watu hajaona."

Nilipoipitisha darubini nyuma, mbwa wa mwisho alikuwa anaingia kwenye nyasi ndefu. Yule bibi aliishika kwa mikono yote miwili akatafuta huku na huku. Tulikaa muda mrefu injini imezimwa. Kwa mbali malori ya Iringa yalisikika yakipanda barabara kuu inayokata hifadhi. Mwishowe bibi akaishusha, akasema "Ce n'est pas grave," si neno, akampapasa Zuhura goti. Zuhura alikuwa ameangalia nje.

Jioni, jua likiwa bado lipo, alinifuata nilipokuwa nafuta vumbi kwenye gari.

"Mwalimu, naomba nirudi kwenye mashuka."

"Unabakiza kidogo sana, Zuhura. Kidogo tu."

"Kidogo hicho kibaki, mwalimu."

Ningeweza kumwambia neno lolote hapo. Nimeshayaandika maneno mengi kichwani tangu siku ile, na ni mazuri. Nilichomwambia ni kwamba afikirie vizuri. Alirudi kufua. Wageni waliomkumbuka walimsemesha akiwa ameinamia beseni, naye aliinua uso akatabasamu, akatikisa kichwa kama mtu asiyeelewa. Meneja aliniuliza kwa mara nyingine, "Yule binti vipi?" Nikasema bado. Mkataba wake ulipokwisha hakuomba mwingine. Alifunga mizigo, akaja kuniamkia, nikaitikia, akaenda.

Sijui kama kuna mwenzangu aliyewahi kumnyamazisha mtu kwa kumfundisha kusema. Mimi niliweza.

Kisha simu zikaja. Mgeni wa siku hizi huisemesha simu yake, nayo inatutamkia sisi. Mara nyingi inakosea. Nimeisikia ikiwapakia abiria hovyo kuliko Zuhura alivyowahi kufanya, na mgeni anapata maji yake, anapata taulo yake, na hakuna anayesema encore. Mwaka wangu wa mwisho kazini hakuna mgeni aliyehitaji Kifaransa changu isipokuwa mzee mmoja aliyekuwa amesahau kuchaji. Kitu nilichomnyimia binti wa watu maisha yake sasa kimo ndani ya kila mfuko, kibovu, na kinatosha.

Mliponiaga mlinipa ile darubini ya zamani iwe kumbukumbu. Mlidhani mnanifurahisha, na nyinyi hamkuwa na kosa. Iliniangalia nyumbani kwa wiki kadhaa. Mwisho niliitia kwenye mkoba nikapanda basi hadi Kidodi, nikatafuta pikipiki ya kunipeleka Ruhembe.

Nilimkuta Zuhura uani, ametoka shamba, anaosha jembe. Amekuwa mtu mzima, mikono imekomaa. Aliponiona aliliweka jembe chini, akafuta mikono kwenye kitenge.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Nilibaini kwamba hakusema mwalimu. Alinipa kigoda, tukaulizana habari za nyumbani, za mvua na za miwa. Kisha nikamwambia kwamba kambi inatafuta waongozaji, kwamba meneja wa sasa ni mtu mwelewa, kwamba nitakwenda mwenyewe kumwambia nilichopaswa kumwambia yule wa zamani.

"Mzee, mimi Kifaransa nimeshakisahau," alisema.

"Lugha haisahauliki namna hiyo, Zuhura."

"Yenyewe haikutaka kusahaulika. Nilikisahau kwa makusudi. Nikiwa palizi nilikuwa nakitoa neno moja moja, kama magugu." Alisema bila hasira, kama anayenieleza namna ya kulima. "Mpaka nikamaliza."

Nikatoa darubini. Njiani nilikuwa nimeandaa sentensi ya kumkabidhi, kwa Kifaransa, na nilikuwa nimeipitia mara nyingi. Haikutoka. Nilisema tu, "Hii ni yako. Ilikuwa yako siku ile."

Aliipokea kwa mikono miwili kwa heshima, akaitazama, akaipeleka machoni kuelekea upande wa mashamba. Miwa ilikuwa imesimama pale hatua chache, kama ukuta.

"Ya kuonea nini huku, mzee? Miwa naiona." Akacheka kidogo, kicheko kilekile cha zamani, kikaisha mapema. Akaifuta lenzi kwa pindo la kitenge, akairudisha ndani ya mkoba wangu, akafunga zipu.

Sikuwa na kingine nilichokuja nacho. Jua lilikuwa kali na nadhani aliona nimechoka, maana aliingia ndani akatoka na kikombe cha maji. Akanyoosha mkono kunipa.

Nami nikanyoosha wangu, halafu ukasimama njiani. Sikuuagiza. Maisha yangu yote ya kazi mkono huu ulizoea kusubiri kwanza, na sasa ulikuwa umekaa hewani, unasubiri sentensi. Zuhura aliuona. Aliutazama mkono, akanitazama mimi, akakisogeza kikombe mpaka kikagusa vidole vyangu.

"Pokea tu, mzee," alisema. "Ni maji."